Uyoga wa mnofu jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninaishi Morogoro, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipika pamoja na vikundi vya akina mama wanaolima uyoga wa mamama. Kulima wananishinda. Kinachowaumiza ni mteja anayenunua pakiti moja, akafika nayo nyumbani, akaipika ikamwaga maji na kulegea kama sponji, kisha asionekane tena. Uyoga hauna kosa hapo, na mkulima hana kosa. Kosa liko kwenye sufuria, nalo linarekebishika. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa karibu kila tunapowasha jiko.

Uyoga wa mnofu ni upi hasa?

Ni ule ambao ukiuma, meno yanakutana na kitu. Upo uyoga mlaini unaoteleza kama bamia, nao una mapishi yake. Wa mnofu una nyuzi au nyama iliyoshikana, na hata ukikaa jikoni muda mrefu haupondeki.

Kwenye masoko yetu wa kwanza ni mamama. Kofia yake ni pana na imepinda kama sikio, shina ni fupi na limekaa pembeni, na huota kwa mafungu. Upo mweupe, wa kijivu, wa njano na wa waridi. Kwa kazi ya mnofu mimi huchagua wa kijivu au mweupe, tena yale mafungu yenye kofia nene. Wa waridi unapendeza macho, lakini moto ukizidi kidogo tu unakuwa mgumu.

Wa pili ni vifungo, ule wa mviringo unaouzwa kwenye trei za supamaketi na ambao ndugu zetu wa Kenya wameuzoea zaidi. Ule mkubwa wa kahawia unaoitwa portobello, wenye kofia ya kujaza kiganja, ni aina hiyohiyo ya kifungo. Umeachwa ukakomaa hadi kofia ikafunguka, basi. Ladha imekolea na maji yamepungua, kwa hiyo unafaa kubanikwa mzimamzima.

Walio Ghuba, Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanapata pia jamaa wa mamama mwenye shina nene jeupe kama muhogo mchanga na kofia ndogo. Huuzwa kwa jina la eryngii, hasa kwenye maduka ya Waasia. Huo usitupe shina, maana shina ndilo chakula. Na shiitake, uyoga wa kahawia wa Asia ya Mashariki, mara nyingi mkavu, unapatikana hata Dar es Salaam na Nairobi.

Halafu kuna uyoga wa vichuguu. Nitaufikia chini, kwa sababu hauwezi kusemwa kwa mstari mmoja.

Kwa nini mdomoni unafanana na nyama wakati si nyama?

Sababu ya kwanza ni umbile. Kuta za chembe za uyoga zimejengwa kwa kitini, kitu kilekile kinachotengeneza gamba la kamba na ganda la panzi. Kitini hakilegei kwa kuchemka kama inavyolegea mboga. Kiazi ukikisahau jikoni kinavurugika, kabichi inakuwa uji, ila mamama unaweza kuuchemsha saa nzima na bado ukautafuna.

Sababu ya pili ni ladha. Uyoga una glutameti kwa wingi, chumvichumvi ile ya asili inayofanya supu ya mifupa iwe na uzito mdomoni. Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1908 na kuonyesha kwamba hiyo ni ladha inayosimama yenyewe, mbali na utamu, uchachu, uchungu na chumvi. Baadaye mwenzake wa taifa hilohilo, Akira Kuninaka, akaonyesha kwamba uyoga, hasa shiitake mkavu, una kitu kingine kinachoitwa guanileti, na kwamba viwili hivi vikikutana ladha haijumlishwi tu, inazidishwa.

Nyanya iliyoiva nayo ina glutameti nyingi. Ndiyo maana rosti ya uyoga na nyanya iliyokaangwa ikaiva vizuri haihitaji kidonge cha supu cha dukani. Jaribu mara moja bila hicho kidonge.

Mbona wangu unatoa maji na kuwa kama mpira?

Hili ndilo swali lenyewe. Likieleweka, mengine yote yanakuwa mepesi.

Katika kila gramu 100 za uyoga mbichi, karibu 90 ni maji. Ukiuweka kwenye moto maji hayo lazima yatoke. Kazi ya mpishi ni kuyaacha yatoke, kuyaacha yaishe, kisha kuuacha uyoga uguse chuma kikavu chenye moto mpaka ubadilike rangi. Ile rangi ya kahawia ndiyo inayoleta harufu ya nyama ya kuchoma, na haiwezi kuja wakati kuna maji, kwa sababu maji hayapiti nyuzi joto 100 na rangi hiyo inahitaji moto mkubwa kuliko huo.

Wengi wetu tunafanya hivi: tunakaanga kitunguu, nyanya, karoti, hoho, halafu tunamwaga uyoga juu yake, tunaweka chumvi na kufunika. Hapo umechemsha uyoga ndani ya maji yake mwenyewe. Mimi nilipika hivyo kwa miaka na kuamini kwamba ndiyo ladha yake, mpaka siku moja nilipousahau sufuria ikakauka na upande mmoja ukashika rangi. Kile kipande cha upande ule ndicho kilichonifundisha.

Fanya hivi badala yake. Chukua kikaango kipana au chuma cha chapati, kipashe moto kweli. Weka uyoga bila kuurundika, vipande vikiwa vimelala kila kimoja mahali pake. Pakiti ya robo kilo inatosha kikaango kimoja kikubwa. Ukiwa na nusu kilo, kaanga mara mbili. Usiweke mafuta bado, wala chumvi. Utasikia uyoga unalia: mlio mkali kwanza, kisha mlio wa kutokota maji yakitoka, kisha mlio unakauka tena. Huo mlio wa tatu ndio unaousubiri. Kwa jiko la mkaa linalowaka vizuri huchukua kama dakika tano hadi nane. Sasa weka mafuta kijiko kimoja au viwili, ugeuze, uuache upate rangi, kisha chumvi.

Jiko lako likiwa na moto mdogo, ipo njia nyingine. Weka uyoga kwenye sufuria na maji kidogo sana, kama robo kikombe, uchemke wazi bila kifuniko mpaka unywee na maji yote yaishe. Halafu ndipo mafuta. Ukishanywea haunyonyi tena mafuta kama sponji, na mtu anayepunguza mafuta atafurahi.

Usishangae ukipungua. Robo kilo ikishakauka vizuri inabaki karibu nusu yake, na wakati mwingine chini ya hapo. Hukuibiwa sokoni.

Unaoshwa au hauoshwi?

Unaoshwa, ukiwa mchafu. Pitisha kwenye maji yanayotiririka kwa haraka, kung'uta, weka kwenye chujio au kitambaa. Maji unayonywa kwa kuoshwa ni kidogo mno ukilinganisha na yaliyomo tayari. Usiuloweke tu ukaenda kuteka maji ya kunywa. Mamama wa kulimwa ndani ya mifuko huwa msafi, mara nyingi kuupangusa kunatosha. Wa porini una mchanga na wadudu, huo uoshe mara mbili.

Nikate kwa kisu au nichane?

Mamama uchane kwa mkono, kufuata nyuzi zake kutoka kofia kwenda shina. Nyuzi zikibaki ndefu ndipo unapata kitu kinachofanana na kuku aliyechambuliwa, na kingo zile zisizo sawa zinashika viungo vizuri. Kifungo ukate vipande vinene kama kidole, maana ukikata vyembamba unabaki na ngozi tupu. Eryngii upasue kwa urefu, kisha uchore mistari ya msalaba juu juu kwa kisu ili viungo viingie.

Niutie papai bichi ili ulainike kama nyama ya mishikaki?

Hapana. Papai bichi linalainisha nyama kwa sababu linavunja protini, na ugumu wa nyama unatokana na protini. Ugumu wa uyoga unatoka kwenye kitini. Papai halina kazi hapo, litakuachia uchungu tu. Uyoga ukiwa mgumu, ama umezeeka, ama ni shina, ama umekaangwa bila kuachwa utoe maji yake kwanza.

Mishikaki ya uyoga inatengenezwaje mpaka ikubalike?

Wengi huloweka uyoga mbichi kwenye viungo usiku kucha, wakauchoma, na wanakuta viungo vimebaki nje. Uyoga mbichi umejaa maji tayari, haupokei kitu. Uondolee maji kwanza, halafu ndipo viungo. Ukiwa mkavu na bado wa moto, unanyonya kila unachoupa.

Kwa nusu kilo ya mamama: usiuchane. Acha mafungu yalivyo, au yagawanye mara mbili yakiwa makubwa. Pasha chuma, panga mafungu, kisha weka juu yake sufuria nzito yenye maji ndani ili ikandamize. Dakika nne au tano upande mmoja, geuza, kandamiza tena. Uyoga utabonyea na kushikana kama steki nyembamba, rangi ya kahawia pande zote mbili.

Andaa kitunguu saumu punje nne na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimepondwa, bizari nyembamba ya kusaga kijiko cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, nyanya ya kopo kijiko kimoja cha chakula, maji ya nusu ndimu, mafuta vijiko viwili vya chakula na chumvi. Watu wa pwani wataweka ukwaju badala ya ndimu, na mimi siku hizi nafuata wao. Kata ile steki vipande vya mraba, changanya vikiwa na moto, acha nusu saa. Wakati huohuo loweka njiti kwenye maji zisiungue.

Tunga vipande vikiwa vimekunjwa mara mbili ili kila tonge liwe nene, ukichanganya na hoho na kitunguu. Choma kwenye makaa yaliyoanza kushika majivu, dakika mbili au tatu kila upande. Nyama ina shahamu yake inayodondoka na kutoa moshi. Uyoga hauna shahamu, kwa hiyo lazima uupake mafuta kila unapogeuza. Usipopaka utakauka kama gome. Kula na ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili ya ukwaju.

Vilevile makange: uyoga uliokwisha kukaangwa mpaka ukashika rangi, kitunguu na hoho vya kukatwa vikubwa, nyanya kidogo, ndimu mwishoni, moto mkali, dakika tano tu. Kwa mtu anayeonja uyoga mara ya kwanza, mimi humpa makange, kwa sababu ladha yake anaijua tayari.

Na wa nazi?

Huo hauhitaji kukauka kabisa, lakini usiache hatua ya kikaango. Kaanga uyoga pembeni mpaka kingo zishike rangi, utoe. Kwenye sufuria hiyohiyo kaanga kitunguu, kitunguu saumu, bizari ya manjano na nyanya moja. Mimina tui jepesi, rudisha uyoga, uchemke taratibu dakika kumi. Tui zito linaingia mwisho, ukikoroga mpaka litokote, kisha epua. Kuna wanaoweka unga wa ngano kuzuia mchuzi kuwa mwepesi. Mchuzi mwepesi maana yake uyoga uliingia na maji yake. Tatizo ulitatue pale.

Pilau bila nyama inaweza kuwa pilau?

Shangazi yangu alisema haiwezi. Alikula, hakurudia kauli hiyo.

Pilau inapata ladha mahali pawili: kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia iliyokolea, na kwenye supu ya nyama. Kitunguu tunacho. Supu ndiyo ya kutafuta, na hapa shiitake mkavu unafanya kazi ambayo sijaona kingine kikiifanya. Kwa vikombe vitatu vya mchele, loweka gramu 30 za uyoga mkavu kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa au zaidi. Maji yatakuwa rangi ya chai. Yachuje kwa kitambaa safi, mchanga ubaki, na yahesabu kama sehemu ya maji ya kupikia wali. Uyoga wenyewe ukate vipande. Ukipenda ongeza robo kilo ya mamama. Vyote vikaange pembeni mpaka vikauke.

Endelea kama pilau yoyote: vitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, viazi, mchele, yale maji na chumvi. Mimi huweka nusu ya uyoga pamoja na mchele na nusu nyingine juu wakati wa kupalia moto, ili ile ya juu ibaki na ukavu wake. Mkavu usipopatikana, tumia mashina ya mamama uliyoyachemsha saa nzima. Supu yake ni nyepesi zaidi lakini ni supu.

Uyoga wa vichuguu unapikwaje?

Kwa heshima. Uyoga huu unalimwa na mchwa. Ndani ya kichuguu mchwa hujenga vyumba, wakaotesha utando wa uyoga juu ya majani na miti waliyoitafuna, na utando huo ndio unaowasagia chakula. Mvua zikinyesha vya kutosha, uyoga unapanda kutoka bustani hiyo mpaka juu ya ardhi, ukiwa na mzizi mrefu unaoshuka chini mpaka kwenye kichuguu. Binadamu bado hajaweza kuulima shambani mwake kama mamama. Kwa hiyo unakuja kwa msimu wake, siku chache, na anayejua mahali hasemi.

Zipo aina nyingi. Kuna wadogo wanaofunika ardhi kama punje za mchele uliomwagika. Na kuna mmoja mkubwa wa Zambia na nchi jirani, ambao wataalamu waliupa jina mwaka 1980 na ambao kofia yake inaweza kukaribia upana wa mita moja. Huo mmoja ni chakula cha familia.

Nyama yake ni tamu na ina nyuzi kama kidari cha kuku. Viungo vingi vinauharibu. Uchane, uoshe udongo wa kwenye mzizi, uchemshe na chumvi kwenye maji yake mpaka yapungue, kisha koroga karanga zilizosagwa, vijiko vitatu au vinne vya chakula kwa kila nusu kilo, moto mdogo, mpaka mafuta ya karanga yaanze kujitokeza juu. Ugali wa moto. Mapishi haya ya karanga utayakuta kusini kwetu na kuvuka mpaka hadi Zambia na Katanga ya Kongo, na Waganda nao wana mchuzi wao wa karanga unaopokea uyoga vizuri mno.

Uyoga mkavu hulowekwa kwa muda gani?

Maji ya uvuguvugu, dakika 20 hadi 30. Ule mnene zaidi. Gramu 10 za mkavu ni sawa na kama gramu 100 za mbichi. Maji ya kulowekea usimwage, ila ya uyoga wa porini yachuje vizuri.

Unaweza kuchukua nafasi ya nyama kwenye lishe?

Kwenye sahani, ndiyo. Kwenye mwili, si moja kwa moja, na ninaomba wauzaji wenzangu waache kusema vinginevyo. Gramu 100 za mamama mbichi zina protini kama gramu 3. Nyama ya ng'ombe iliyopikwa ina gramu 25 hivi. Mtu akisikia kwamba uyoga una protini asilimia 20 au 30, hiyo ni ya uyoga uliokaushwa, na hakuna anayekula gramu 100 za uyoga mkavu kwa mkao mmoja. Vitamini B12 nayo usiitegemee huko.

Lakini una nyuzinyuzi, potasiamu na vitamini za kundi B, mafuta yake ni kidogo sana. Na ukiuchana ukauanika juani nusu saa au saa moja kabla ya kupika, unatengeneza vitamini D, kwa njia inayofanana na ngozi yetu. Kwa hiyo pika uyoga pamoja na maharage, choroko, kunde, mayai au dagaa. Ninachokipenda zaidi ni nusu kwa nusu: nyama ya kusaga robo kilo na uyoga uliokatwakatwa na kukaushwa robo kilo. Sufuria ni ileile, watu wanaolishwa ni wengi zaidi.

Wanaofunga nyama siku za Kwaresima, Wahindu wa miji yetu na Waadventista wengi wasiokula nyama wamekuwa wateja wazuri wa wakulima wa uyoga. Kwa Waislamu uyoga usiolevya wala kudhuru ni halali.

Unaliwa mbichi?

Pika. Uyoga mbichi unaweza kusumbua tumbo, na shiitake mbichi au isiyoiva vizuri inaweza kumtoa mtu vipele vyekundu vya mistari mwilini, kama amechapwa fimbo.

Nimeona utando mweupe kwenye shina. Ni ukungu?

Kwa mamama, utando mweupe mlaini kama pamba kwenye shina au kofia mara nyingi ni uyoga wenyewe ukiendelea kuota. Hauna madhara. Utando wa kijani, mweusi au wa chungwa ni ukungu, tupa. Tupa pia ukiwa na utelezi, ukitoa maji ya kahawia, au ukinuka kama samaki aliyeoza.

Uyoga mbichi uhifadhi kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji, siku nne au tano. Mfuko wa plastiki uliofungwa unauchemsha taratibu kwa jasho lake. Huna friji? Pika leo, au uchane uanike juani kwenye chekecheke mpaka uvunjike kama kijiti kikavu, kisha utie kwenye chupa inayofunga sawasawa.

Naweza kuokota porini?

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mufindi. Mvua za mwanzo zikishanyesha alitupeleka kwenye msitu wa miombo, na alikuwa anapita uyoga mzuri, mnene, mweupe, bila kuinama. Tukimuuliza, alisema, "Huyo simjui." Hakusema ana sumu. Alisema hamjui, ikatosha. Kanuni hiyo sijapata iliyo bora zaidi.

Kwa sababu dalili zote tunazosimuliana ni za uongo. Kwamba uyoga wenye sumu unageuza kitunguu au wali kuwa mweusi, uongo. Kwamba ukiliwa na konokono hauna sumu, uongo. Kwamba kuchemsha na kumwaga maji kunaondoa sumu zote, uongo, na huo unaua. Uyoga unaoitwa kofia ya kifo, wenye kofia ya kijanikijani au hata nyeupe, pete kwenye shina na kifuko chini kwenye udongo, una sumu isiyovunjwa na moto, kukaushwa wala kugandishwa. Wanaoula na kupona husema ulikuwa na ladha nzuri.

Sumu hiyo ina hila moja ambayo kila mtu aijue. Dalili hazianzi mapema. Huanza baada ya saa 6 hadi 24, kwa kutapika na kuharisha. Kisha mgonjwa anapata nafuu, na nyumbani watu wanashukuru. Wakati huo ini linaharibika. Kwa hiyo mtu akiugua baada ya kula uyoga, usisubiri, usimpe maziwa ukangoja. Hospitali mara moja, ukiwa na mabaki ya uyoga au hata chakula chenyewe, na wote waliokula sufuria hiyo waende hata kama wanajisikia wazima.

Kwenye nyasi za viwanja na bustani mijini kuna mwingine, mkubwa, mweupe wenye magamba ya kahawia, ambao ukikomaa mikunjo yake ya chini inageuka kijani. Huo hauui mara nyingi, lakini ndani ya saa chache utakulaza.

Neno kwenu ninyi mlio ugenini: ujuzi wa porini hausafiri. Miombo yetu na ya Katanga ina uyoga mweupe mkubwa wenye kifuko chini ambao watu wameula vizazi na vizazi bila shida. Ndugu yake wa Ulaya na Amerika anafanana naye na anaua. Mwaka 2015 wakimbizi kadhaa Ujerumani walilazwa baada ya kuokota kofia ya kifo. Ukihama nchi, anza upya kama mtoto, au nunua dukani.

Ukipita barabara ya Iringa kwenda Mbeya msimu wa mvua utawaona akina mama na watoto na ndoo za uyoga. Mimi hununua kwao, na huuliza mambo matatu: unaitwaje kwenu, mnaupikaje, na wewe umekula lini mara ya mwisho. Anayeujua hujibu bila kufikiri.

Mashina magumu ya mamama niyatupe?

Usitupe. Sehemu ya chini kabisa iliyoshika mabaki ya pumba au mabua ikate. Yaliyobaki yachemshe dakika 20, yakamue, uyatwange kwenye kinu au uyapitishe kwenye mashine ya nyama. Kaanga na kitunguu kingi, tangawizi, pilipili ya kuwasha, bizari nyembamba na giligilani mpaka pawe pakavu kabisa, kisha mwagia majani ya kotmiri na ndimu. Jaza kwenye manda za sambusa. Yakiwa na unyevu manda zitapasuka kwenye mafuta, kwa hiyo yaache yapoe kwenye sinia kabla ya kufunga.